Binti anapoomba ruhusa ya kwenda mbali kutafuta shifaa

 

Makala yetu ya Ijumaa ya leo inatokana na suala tulilolifikishiwa na mama mmoja wa Ngarenaro, jijini Arusha, mzaliwa wa Kondoa, ambaye yeye na binti yake wameturidhia tulieleze bila ya kutaja majina. Alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na karatasi nne zilizochapwa kwa Kiingereza, zimekunjwa ndani ya mtandio. Zilikuwa fomu za maombi ya mafunzo ya yoga katika mji wa Rishikesh, kaskazini mwa India. Mafunzo yenyewe ni ya saa 200, yaani takriban mwezi mmoja, na mwombaji ni binti yake mwenye umri wa miaka 31, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Anataka kwenda peke yake. Nauli anayo, maana amekwishauza bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya ndoa yake.

“Ustadh,” alituuliza yule mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishalia nyumbani kabla ya kuja, “huyu mtoto anatoka katika dini?”

Tunakiri kwamba tulimjibu upesi mno. Tulimwambia kuwa yoga asili yake ni ibada ya Mabaniani, kwamba mwanamke hasafiri safari ya namna hiyo bila ya maharimu wake, na kwamba amzuie kwa upole lakini amzuie. Mama akashukuru, akakunja karatasi zake, akaondoka. Jibu lilikuwa limekamilika, kwa mawazo yetu.

Jioni tulipomsimulia mama watoto wetu, hakutupinga kwa hoja hata moja ya fiqhi. Aliuliza jambo moja tu: “Na yeye mwenyewe mmemuuliza ana nini?” Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumetoa hukumu juu ya safari ya mtu ambaye hatukujua anakimbia kitu gani.

Basi tukatuma salamu, na Jumapili yake binti akaja nyumbani pamoja na mama yake na mwanawe. Ni mtu wa maneno machache. Aliamkia, akakaa mkekani kando ya mama watoto wetu, na kwa muda mrefu yaliyosikika yalikuwa ni maswali ya mtoto juu ya kuku waliokuwa uani. Kisha akaeleza.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa magari ya watalii. Siku moja aliondoka alfajiri kupeleka wageni mbugani, na usiku gari la wenzake likasimama mlangoni kuleta habari ya ajali. Binti alikaa eda yake miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa. Khitma ikasomwa, arobaini ikapita, jamaa wa Kondoa wakarudi Kondoa na wa Babati wakarudi Babati. Hapo ndipo, alisema, msiba ulipoanza. Kila gari liliposimama barabarani usiku, moyo ulimwenda mbio mpaka akadhani anakufa. Alikuwa akilala saa mbili, pengine saa moja. Alisomewa, akanywa kombe, na alisema wazi kuwa kisomo kilimtuliza, ila usiku ukifika hali ilirudi. Akaenda hospitali, akapimwa moyo, akaambiwa moyo wake ni mzima. Majirani wakamwambia kuwa imani yake imepungua, na kwamba mtu mwenye tawakkul hawezi kulia mwaka mzima.

Anafanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja upande wa Usa River, barabara ya Moshi. Wasomaji wa Arusha wanaijua hali ya huko. Wageni wa Ulaya na Marekani wanaokuja kupanda Mlima Meru na Kilimanjaro hulala kule, na katika miaka ya karibuni wapo wanaokuja si kwa kupanda mlima bali kwa kufanya yoga, wakisema kwamba wamekuja kupumzisha nafsi zao. Binti huyu, kwa kuwa hupanda daladala ya mapema, aliwakuta mara nyingi wakiwa juu ya vijamvi vyao katika majani, nyuso zao zimeelekea jua linakochomoza na Mlima Meru ukiwa nyuma ya migongo yao. Asubuhi moja mwalimu wao, bibi wa makamo, akamwona amesimama kando ya ukuta akilia. Hakumuuliza dini yake wala kisa chake. Alimketisha, akamwonyesha jinsi ya kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, huku mkono ukiwa tumboni, mara ishirini. Usiku ule alilala kuanzia isha mpaka adhana ya alfajiri. Ilikuwa mara ya kwanza katika muda wa miezi kumi na minne.

“Ustadh,” alituambia, “mimi sitafuti mungu mwingine. Natafuta usingizi.”

Mama yake aliinamisha kichwa. Alitukiri baadaye kwamba alikuwa akisikia habari ya usiku wa bintiye kwa mara ya kwanza, ilhali wanalala nyumba moja na ukuta ni mmoja.

Ndugu msomaji, tuanze na hilo kabla ya yoga na kabla ya safari, kwa sababu ndilo tulilolikosea. Wengi wetu tunaamini kuwa huzuni ikimkalia Muislamu ni dalili ya upungufu wa imani. Hilo si kweli, na Qur’ani yenyewe inatusimulia habari ya Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe Yusuf, na wala hakuambiwa kuwa imani yake ni dhaifu. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni.

Na wanazuoni wetu waliliandikia jambo hili vitabu wakati Ulaya bado haijaamka. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, alitunga kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwamba wanatibu mwili na kuiacha nafsi, ilhali viwili hivyo vinauguzana. Alipambanua huzuni inayojulikana sababu yake, kama msiba, na huzuni inayomwingia mtu bila ya sababu anayoijua. Aliandika pia juu ya hofu, ghadhabu na wasiwasi unaomrudia mtu. Leo daktari atakuambia habari ya sonona na mfadhaiko, na sisi tunadhani ni maneno mapya ya Wazungu.

Wasomaji wetu wa kaskazini hawahitaji kufundishwa maana ya safari ya kutafuta shifaa. Mwaka 2011 sote tuliona magari yakipita Arusha usiku na mchana kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Waislamu walikwenda, Wakristo walikwenda, wakubwa wa serikali walikwenda, watu walitoka Kenya na nchi nyingine jirani. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitali wakafia katika foleni, na wapo walioacha dawa zao za kila siku wakazidiwa. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021. Tunalikumbusha hili kwa sababu wakati ule hatukusikia sana suali la maharimu wala la asili ya dawa. Wake zetu na mama zetu walipakiwa katika magari siku tatu njiani, wamelala porini, na tuliona ni jambo la kawaida. Sasa mjane mmoja anaomba ruhusa, anaeleza aendako na atakachofanya, na sote tumekuwa mafaqihi.

Ama kuhusu yoga yenyewe, lazima tuseme kweli bila ya kupunguza wala kuongeza. Neno hilo ni la Kisanskriti, na maana yake inahusiana na kufunga nira, kuunganisha. Ndani ya dini ya Kihindu ni njia ya ibada yenye ngazi zake, na mikao ya mwili ni ngazi moja tu kati ya hizo. Asiyelijua hilo asiseme kuwa yoga haina uhusiano na dini. Kwa upande wa pili, wanahistoria wameonyesha kwamba mengi ya yale yanayofundishwa leo katika kumbi za mazoezi yalipangwa upya katika karne ya 20, kwa kuchanganywa na mazoezi ya viungo. Mwalimu aliyekuwa na athari kubwa katika hilo alikuwa Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la mfalme wa Mysore katika miaka ya 1930. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mwanamke mgeni, Indra Devi, mzaliwa wa Riga, ambaye mwalimu alimkataa kwanza kwa kuwa ni mwanamke na ni mgeni, mpaka mfalme alipomwombea. Yeye ndiye aliyefungua darasa la yoga huko Hollywood katika miaka ya 1940. Kwa hiyo hata safari ya mwanamke peke yake kwenda India kwa ajili hiyo si jambo la jana.

Wala Waislamu si wageni katika elimu hii. Mwanachuoni mkubwa Abu Rayhan al-Biruni, katika karne ya 11, alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na akafasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, ambacho ndicho msingi wa yoga. Hakuwa Mhindu kwa kufanya hivyo. Alitaka kujua jambo kama lilivyo kwa wenyewe kabla ya kusema lolote juu yake. Sisi tulipomjibu yule mama pale msikitini hatukuwa tumefanya hata robo ya kazi hiyo.

Wanazuoni wa zama zetu wamelizungumza kwa tofauti. Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia, mwezi Novemba 2008, lilisema kuwa yoga inayochanganya mikao, mafundisho ya imani ile na kukariri maneno ya ibada kwa lengo la kuungana na mungu haimfai Muislamu. Kelele zikawa nyingi, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Abdullah Badawi, akafafanua kuwa mazoezi ya mwili yasiyo na maneno hayo hayakukatazwa. Miezi michache baadaye, Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia likapambanua vivyo hivyo: yenye ibada imekatazwa, ya mazoezi tupu inaruhusiwa. Na Saudi Arabia, ambayo wengi wetu tungeidhania kuwa ya mwisho, iliitambua yoga kuwa ni mchezo wa mazoezi mwezi Novemba 2017. Aliyeipigania huko ni mwanamke wa Kisaudia, Nouf Marwaai, ambaye tangu utotoni alisumbuliwa na maradhi ya mwili kujishambulia wenyewe. Alikwenda India kujifunza, akarudi kufundisha wanawake wenzake, na mwaka 2018 serikali ya India ikamtunukia nishani ya Padma Shri.

Tulimuuliza binti yetu maswali haya moja baada ya jingine. Je, unakariri maneno usiyoyajua maana? Akasema wageni hukariri neno moja mwishoni, yeye hunyamaza. Unasujudu au kuinamia sanamu? Hapana, katika majani yale hakuna sanamu. Na ile mikao ya mfululizo inayoitwa salamu za jua? Hapo alisita. Alikuwa akiifanya, tena wakati wa machweo na macheo, bila ya kujua jina lake lina maana gani. Tukamkumbusha kwamba sisi tumekatazwa hata swala ya sunna wakati jua linapochomoza, ili tusifanane na wanaoliabudu, seuze kulisalimia. Hakubishana. Alisema, “Basi hiyo naiacha, pumzi zinanitosha.” Tuliona katika jibu lile mtu anayeijua dini yake kuliko tulivyomdhania.

Lakini Rishikesh si majani ya Usa River. Ni mji mtakatifu wa Wahindu ukingoni mwa mto Ganges, uliopata umaarufu duniani tangu kundi la waimbaji la Beatles lilipokwenda kwa mwalimu wao huko mwaka 1968. Shule nyingi zake zimo ndani ya nyumba za ibada au jirani nazo, na siku ya mwanafunzi aghalabu huanza kwa nyimbo za kusifu miungu. Kukaa kimya saa moja asubuhi kati ya wageni wawili watatu ni jambo jepesi. Kukaa kimya mwezi mzima, ukiwa peke yako, umechoka, moyo una jeraha, na mwalimu ndiye atakayekupa cheti, hilo ni jambo jingine.

Tuliona pia tumwambie lililo zito zaidi. Mtu anayekwenda mbali kutafuta shifaa huwa amefungua kifua chake, na si kila anayeingia humo ni mwema. Mwaka 2016 mahakama ya Los Angeles ilimwamuru Bikram Choudhury, mmoja wa walimu wa yoga mashuhuri kabisa duniani, alipe zaidi ya dola milioni 7 kwa aliyekuwa mwanasheria wake, mwanamke aliyemshitaki kwa kumnyanyasa na kumfukuza kazi kwa kuwa alichunguza malalamiko ya wanawake wengine. Hatusemi kuwa walimu wa yoga ndio waovu, maana tukichungua na madrasa zetu, Mwenyezi Mungu atusitiri, tutayakuta ya kusikitisha. Tunasema kuwa mwalimu mwenye sauti kubwa na mwanafunzi asiye na mtu ni jambo la kuogopwa popote lilipo.

Hapo ndipo tulipoielewa upya hekima ya suala la maharimu. Katika Bukhari na Muslim zimo hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila ya mumewe au maharimu wake, kwa masafa yaliyotajwa kwa namna mbalimbali. Madhehebu yetu ya Shafi yamempa nafasi katika Hija ya faradhi, aende pamoja na wanawake waaminifu ikiwa njia ni salama. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioipanua nafasi hiyo kwa safari nyingine zenye amani, wakitaja pia bishara ya Mtume (S.A.W.) kwa Adiyy bin Hatim, kuwa utafika wakati mwanamke atasafiri kutoka Hira mpaka Makka bila ya kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Mwezi Oktoba 2022 waziri wa Hija wa Saudi Arabia alitangaza kwamba mwanamke hahitaji maharimu kwa Hija na Umra. Wengine wameshikilia kauli ya awali, na tunawaheshimu. Sisi hatukutaka kumchagulia binti kauli nyepesi wala nzito. Tulitaka familia ione kwamba sheria hiyo, kabla ya kuwa zuio juu ya mwanamke, ni wajibu juu ya wanaume wake. Anayesema “haendi bila ya maharimu” inampasa aulizwe: maharimu yuko wapi, na yuko tayari lini?

Kaka yake yuko. Ana duka la vipuri vya magari pale mjini, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Tulimwita. Alikuja na hoja zake, akaanza kutaja fatwa alizozisikia katika kanda, na sisi tukamsimulia habari ya Imamu Ghazali.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kikamilifu. Mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na hakuna aliyemzidi kwa jaha. Siku moja alisimama kufundisha na ulimi ukagoma. Alieleza mwenyewe baadaye kuwa hakuweza kutamka neno, kisha chakula kikawa hakipiti, na nguvu zikamwishia. Matabibu wakasema maradhi yameshuka moyoni, na kwamba hakuna dawa isipokuwa moyo upate raha. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha wanawe, akatoka Baghdad. Watu aliwaaga kama mtu anayekwenda Makka, kwa kuwa alijua kwamba wakielewa hasa anakokwenda hawatamwacha. Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti. Akaenda Baitul Muqaddas, akahiji, na mwishowe kilichomvuta kurudi kwao kilikuwa ni wito wa watoto wake. Hakurudi kufundisha hadharani mpaka mwaka 499 Hijria, huko Nishapur. Na alipoondoka, aliyeshika nafasi yake ya kufundisha Baghdad alikuwa ni ndugu yake, Ahmad.

Tunajua atakachosema msomaji: Ghazali alikuwa mwanamume, na alikwenda kwa Mola wake, si kwa Mabaniani. Ni kweli, na kaka mtu alikisema hicho hicho. Lakini kisha akauliza, kwa sauti ya chini, “Huyo Ahmad, alimlaumu?” Hatukumjibu. Alikuwa amemtazama dada yake, naye dada alikuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu.

Hatutaki kumficha msomaji kuwa kikao kile hakikumalizika siku hiyo. Palikuwa na vikao vitatu, na cha pili kilivunjika kwa maneno makali juu ya bangili. Bibi mmoja wa ukoo alisema binti aolewe, ndiyo dawa, na akanyamazishwa na mama mwenyewe. Ni mama pia aliyekuja na habari ya Nairobi. Huko ndiko iliko taasisi ya Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, ambayo imefundisha mamia ya vijana wa Kiafrika kuwa walimu, na wapo pia walimu wengine wa Kikenya wanaofundisha kivyao. Ni nchi ya nje, lakini ni nchi ambayo basi la asubuhi kutoka Arusha, likipita Namanga, hulifikia jiji lake mchana. Na Eastleigh anaishi mama yake mdogo.

Sharti jingine lilitoka kwetu, na tunalitaja kwa sababu tunaona familia nyingi zinalisahau. Kabla ya kufunga mzigo, aende kwanza kwa daktari wa afya ya akili, si wa moyo. Pumzi za polepole hutuliza mapigo ya moyo kwa njia ya mishipa ya fahamu, hilo linajulikana, na tafiti zimeonyesha kuwa yoga inaweza kumpunguzia mtu huzuni na wasiwasi. Lakini haichukui nafasi ya matibabu, na kukaa kimya saa nyingi kunaweza kumzidishia mtu ambaye akili yake imelemewa sana. Alikwenda. Alipewa dawa za miezi kadhaa na siku za kurudi kuzungumza na mshauri. Alituambia kuwa daktari alimuuliza swali lile lile la mama watoto wetu.

Mwezi uliofuata kaka alifunga duka siku mbili, akampeleka Nairobi, akamkabidhi kwa mama mdogo, akarudi. Mtoto alibaki kwa bibi yake. Darasani, binti alimweleza mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba yeye ni Muislamu, hatakariri wala hatasalimia jua, na atatoka wakati wa swala. Mwalimu, Mkikuyu aliyelelewa kanisani, alicheka akasema kuwa yeye pia hakariri. Wiki ya tatu alipiga simu usiku analia, na mama akataka kaka amfuate saa ile ile. Ikaonekana halikuwa baya lililompata. Walikuwa wamelala chali mwishoni mwa mazoezi, macho yamefumbwa, gari likasimama nje ya jengo, na moyo wake haukwenda mbio.

Amerudi. Anaendelea na uhasibu wake, na Jumamosi alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika sebuleni kwa mama yake, pazia limeshushwa, wananyoosha viungo na kuvuta pumzi. Hawaiiti yoga. Mama naye yumo, analalamika magoti. Imamu wa msikiti wao hajaridhika bado, ametuambia hivyo kwa adabu, na ameahidi kuandika jibu ambalo tutalichapa katika ukurasa huu, Inshaallah. Usiku mbaya bado upo, ila si kila usiku.

Zile karatasi nne za Rishikesh hazikuchanwa. Zimo kabatini, chini ya shuka za kitanda. Wiki iliyopita mama alitupigia simu kwa jambo jingine kabisa, na katikati ya mazungumzo akataja kuwa kaka mtu alikuwa amekwenda ofisi ya uhamiaji kuulizia utaratibu wa kupata pasi ya kusafiria. Hakusema ni ya nini, na wao hawajamuuliza.